Kumfundisha mtoto mdogo kuchagua chakula kizuri bila kugombana naye mezani

Wazazi tukiambiwa tumfundishe mtoto kula vizuri wengi wetu tunakimbilia kutoa somo, mtoto ana miaka 3 unamwambia kula karoti ina vitamini A inasaidia macho, anakuangalia weee alafu anauliza biskuti ziko wapi. Na hana kosa. Mtoto wa umri huo hana habari na macho yake ya uzeeni, yeye anaangalia kitu kinanukaje, kina rangi gani, kinateleza au kinakwaruza ulimi, na nani mwingine pale mezani anakila. Kwahiyo ya vitamini tuyaweke pembeni kwanza, tuanze na kitu ambacho kiko mikononi mwetu kabisa, yaani ni vitu gani vinamfikia mtoto mbele yake mpaka aseme nataka hiki sitaki kile.

Kuna jaribio la zamani ambalo mi nalipenda sana kwenye hii mada. Miaka ya 1920 na 1930 huko Marekani daktari wa watoto anaitwa Clara Davis alichukua watoto 15 ambao ndo walikuwa wanaanza kuachishwa ziwa, akawa anawawekea vyakula mbalimbali kwenye vibakuli, wachague wenyewe. Nesi anakaa pale na kijiko kimya kabisa, mtoto akinyoosha mkono kwenye bakuli fulani ndo analishwa hicho, asiponyoosha nesi hafanyi kitu, hasemi kula hiki kizuri, hakunji uso. Watoto walikula kwa mitindo ya ajabu, kuna aliyekunywa juisi ya machungwa karibu nusu lita na maini asubuhi, mwingine usiku anapiga mayai kadhaa na ndizi na maziwa basi. Lakini wote wakakua vizuri, wakawa na afya. Mmoja alikuja na matege, akawa anakunywa mwenyewe mafuta ya ini la samaki mpaka akapona.

Watu wakaishika hiyo habari wakasema unaona, mwili wa mtoto unajua wenyewe unachotaka, mwache. Sasa hapo ndo pa kuwa makini, maana Davis mwenyewe mwaka 1939 alieleza kuwa ujanja wote ulikuwa kwenye ile orodha ya vyakula. Ilikuwa na vyakula 34, nyama, samaki, nafaka, mayai, maziwa, matunda, mboga, vyote vya asili visivyosindikwa, na sukari haikuwepo kabisa. Mtoto angechagua vipi vibaya wakati vibaya havipo? Angewawekea soda na pipi kwenye kibakuli cha 35 tungekuwa tunasimulia mengine.

Ndo maana nasema kazi ya kumfundisha mtoto kuchagua inaanza na mzazi kuchagua kwanza. Wewe unapanga orodha, yeye anachagua humo ndani.

Kazi yako ipi, kazi yake ipi

Mtaalamu wa lishe mmoja wa Marekani, Ellyn Satter, aliligawa hili vizuri na madaktari wengi wa watoto wanalitumia mpaka leo. Mzazi anaamua kitaliwa nini, saa ngapi, na wapi. Mtoto anaamua atakula kiasi gani, na kama atakula au hatakula. Basi. Ukisoma haraka unaona kirahisi lakini jaribu kuliishi wiki moja uone, kwa sababu wengi wetu tunafanya kinyume, tunamuuliza mtoto leo unataka kula nini (hiyo ilikuwa kazi yetu) alafu chakula kikija tunamwambia malizia hicho chote hutoki hapa (hiyo ilikuwa kazi yake). Tumebadilishana kazi, kila mtu analalamika.

Swali la "unataka kula nini" kwa mtoto wa miaka 3 au 4 halina faida. Atataja kile kitamu alichokiona mwisho, wewe utakataa, vita vimeanza na hata jiko hujawasha. Badala yake mpe vitu viwili ambavyo vyote uko tayari kuvitoa. "Leo tango au karoti?" "Papai liwe vipande vikubwa au vidogo?" "Yai la kuchemsha au la kukaanga?" Yeye anajiona bosi, wewe huna wasiwasi maana majibu yote mawili ni sawa kwako. Viwili vinatosha jamani, ukimpa vitano anachanganyikiwa anaishia kulia. Na kwa ambaye bado hajaweza kuongea vizuri, shika kimoja mkono huu kimoja mkono huu, anyooshe kidole.

Angalia tu usitoe uhuru ambao utaunyang'anya. Ukishamuuliza tango au karoti akasema karoti, usimwambie aah lakini tango ndo limeiva vizuri leo. Mpe karoti. Akisema sitaki zote, unamjibu taratibu kwamba sawa vitakuwepo mezani ukitaka utachukua, unaendelea na shughuli zako. Usianze kuongeza la tatu na la nne, watoto wanajifunza haraka sana kwamba ukikaza sana menyu inaongezeka.

Kitu kingine hapohapo, kila mlo uwe na angalau kitu kimoja ambacho huwa anakila bila shida, iwe mkate, wali, ndizi, chochote. Ili hata akigoma vingine vyote asiondoke na njaa kabisa, na wewe usijikute unarudi jikoni kumpikia chakula chake peke yake. Hiyo ya kurudi jikoni nakusihi usiizoee, ukifanya mara 3 tu anajua kwamba sahani ya kwanza ni ya kukataa, ya pili ndo ya kula.

Alafu ratiba. Watoto wadogo tumbo ni dogo, wanahitaji milo mitatu na vitafunwa mara mbili au tatu hapo katikati, kila baada ya masaa mawili matatu hivi. Nje ya hapo ni maji tu. Mtoto anayezunguka na biskuti mkononi kutwa nzima, mara kipande cha mkate, mara fundo la juisi, akifika mezani saa ya kula ameshashiba na nyie mnasema huyu mtoto hapendi chakula. Hajaanza hata kusikia njaa, atapendaje?

Akikataa

Atakataa. Hilo lijue mapema ili lisikuumize. Kati ya miaka 2 na 6 watoto wengi wanapita kipindi cha kuogopa chakula kigeni, hata aliyekuwa anakula kila kitu akiwa na mwaka mmoja ghafla anaanza kusukuma sahani. Ulimi wa mtoto pia unasikia uchungu kuliko wa mtu mzima, kwahiyo mboga za majani ambazo wewe unaona ni za kawaida tu yeye anazisikia chungu kweli, hafanyi maigizo. Na lingine ambalo wazazi wengi hatuambiwi ni kwamba mwaka wa kwanza mtoto anaongezeka uzito mpaka mara tatu ya ule aliozaliwa nao, ila mwaka wa pili anaongeza kama kilo 2 na nusu tu. Sasa kama ukuaji umepungua kasi hamu ya kula nayo lazima ishuke. Wewe unaona mtoto amekuwa mgumu kula, kumbe mwili wake umepunguza mahitaji.

Tafiti za tangu miaka ya 1980 zinaonyesha mtoto anaweza kuhitaji kukutana na chakula kipya mara 8 mpaka 15 ndo akikubali. Wazazi wengi tunakata tamaa kwenye ya tatu au ya nne, tunatangaza huyu hapendi maharage, inaishia hapo. Endelea kukileta. Sio kila siku mfululizo mpaka akichukie, leo weka, pumzika siku mbili tatu, weka tena kimepikwa tofauti. Na uweke kidogo sana, kipande kama ukubwa wa punje ya mahindi kinatosha. Mlima wa mboga kwenye sahani ya mtoto unamtisha kabla hajaonja. Kwa vile vyakula anavyovizoea kuna kipimo cha kukisia ambacho kinasaidia, kijiko kimoja cha chakula kwa kila mwaka wa umri wake, yaani wa miaka 3 unamwekea vijiko 3 vya kila aina, akitaka zaidi ataomba.

Na uelewe kukutana maana yake nini, sio lazima kumeza. Mtazame mtoto aliyewekewa kipande cha tango kwa mara ya kwanza. Kwanza anakiangalia kwa mbali kama dakika nzima hivi. Anakisogeza kwa kidole. Anakinusa, anakigusisha kwenye mdomo, anatoa ulimi analamba maji yake, anakunja uso, anakirudisha kwenye sahani na wakati mwingine anakirudisha kwenye sahani yako. Mzazi anaona hajala. Mi naona kazi kubwa imefanyika hapo, kakiona, kakigusa, kakinusa, kakionja, bado kukimeza na hiyo siku yake itafika. Unachotakiwa kusema ni "ahaa, umelionja tango, lina maji eeh?" alafu nyamaza. Mruhusu kutema pia, mpe kitambaa cha kutemea. Mtoto akijua anaruhusiwa kutema anakuwa jasiri wa kuonja, asiyeruhusiwa kutema haweki kabisa mdomoni.

Chunga na midomo yetu watu wazima. "Huyu hapendi mboga kabisa" tunasema mbele yake, kwa wageni, kwa mwalimu, kwa bibi yake, na mtoto anasikia na anaishi hivyohivyo, ndo ameshakuwa yule mtoto asiyependa mboga. Sema "bado anaizoea".

Malizia mboga nikupe keki

Hii naomba tuiache. Najua inafanya kazi jioni hiyohiyo, mtoto anameza vijiko vitatu haraka haraka anapewa keki, amani inarudi. Lakini umemfundisha nini? Umemwambia mboga ni mateso ambayo mtu analipwa kuyavumilia, na keki ndo mshahara. Keki inapanda thamani, mboga inashuka. Na kulazimisha nako vivyo hivyo, mwaka 2006 kulitoka utafiti wa Marekani kuhusu watoto wadogo waliokuwa wanapewa supu, pale walipoambiwa wamalizie supu walikula kidogo kuliko walipoachwa, na wakaisema vibaya zaidi hiyo supu. Unasukuma, na yeye anarudi nyuma.

Pia kuna lile la kulazimisha kumaliza sahani, ambalo wengi tumelelewa nalo. Mtoto mdogo anajua ameshiba, ni kipaji anazaliwa nacho, ananyonya akishiba anageuza kichwa. Tukimlazimisha kila siku amalize anajifunza kutokulisikiliza tumbo lake, anasikiliza sahani. Ukiogopa chakula kumwagwa basi pakua kidogo, akitaka ongeza. Muulize "tumbo lako linasemaje, bado lina nafasi au limejaa?" Mara za kwanza atasema limejaa sababu anataka kwenda kucheza, sawa, mwache aende, ila chakula kinaondoka mezani na kitafuata kitafunwa baada ya masaa mawili. Bila hasira, bila "si nilikwambia". Baada ya siku kadhaa anaanza kujibu ukweli.

Upande wa pili wa hiyo ni kukataza moja kwa moja. Mwaka 1999 watafiti Jennifer Fisher na Leann Birch waliwawekea watoto wa chekechea kitafunwa kimoja wakiwa wanakiona lakini hawaruhusiwi kukichukua isipokuwa kwa muda mfupi, huku kingine kinachofanana nacho kipo wazi. Kile cha kukatazwa ndo kikawa gumzo, ndo kinachotakiwa. Ambaye amekaa na watoto hashangai. Kwahiyo pipi iliyofungiwa juu ya kabati ambayo mtoto anaiona kila siku ni mbaya mara mbili, inamkalia akilini. Kama hutaki ale, usinunue, isiwepo nyumbani. Na siku ikiwepo, mpe kipande kidogo pamoja na chakula chake, hapohapo kwenye sahani, sio baada ya chakula kama zawadi. Anaweza kuanza nayo, ndio, atakula keki kwanza alafu ataendelea na maharage, na dunia haitaisha.

Kuhusu maneno yenyewe, mi siyapendi kabisa haya ya chakula kizuri na chakula kibaya kwa mtoto mdogo. Akila kile "kibaya" anajiona yeye ndo mbaya, au anaanza kula kwa kujificha. Sema kuna vyakula vya kila siku na kuna vya mara moja moja. Mtoto wa miaka 3 anaelewa hiyo. "Mama naomba pipi." "Pipi ni ya mara moja moja mwanangu, juzi tulikula, leo kuna chungwa na ndizi, ipi?" Anaweza akalia. Analia, wewe umetulia, umeshamjibu, huongezi maelezo. Maelezo marefu kwa mtoto anayelia yanamwonyesha kuna nafasi ya kujadiliana.

Vinywaji, hapa ndo penye sukari nyingi

Kama una nguvu ya kubadilisha kitu kimoja tu nyumbani, badilisha vinywaji. Soda ya kawaida ya mililita 330 ina sukari kama gramu 35, kijiko cha chai kinabeba kama gramu 4, fanya hesabu, ni karibu vijiko 9. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilisema sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya kwenye asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu yote mtu anayopata kwa siku, na ikiwa chini ya 5 ni bora zaidi. Chama cha moyo cha Marekani mwaka 2016 kikasema kwa watoto wa miaka 2 mpaka 18 sukari ya kuongezwa iwe chini ya gramu 25 kwa siku, na wa chini ya miaka 2 wasipewe kabisa. Maana yake soda moja tu imeshapita kipimo cha siku nzima.

Juisi nayo tunajidanganya kwamba ni sawa na tunda. Chama cha madaktari wa watoto Marekani mwaka 2017 kilishauri mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe juisi, wa mwaka 1 mpaka 3 isizidi mililita 120 kwa siku, wa 4 mpaka 6 isizidi kama 180, na hapo wanaongelea juisi ya matunda asilia, sio ile ya rangi na ladha. Chungwa zima lina nyuzinyuzi, mtoto analitafuna, linamchukua muda, linamshibisha. Juisi ya machungwa matatu anaigida kwa sekunde 20 na bado anataka. Maziwa ni mazuri lakini nayo yana kiasi, yakizidi sana nusu lita kwa siku yanajaza tumbo, anakosa nafasi ya chakula chenye madini ya chuma, na upungufu wa damu unaweza kuanzia hapo. Chai ikinywewa pamoja na mlo nayo inazuia hayo madini kufyonzwa, wakati tunda lenye vitamini C likiliwa pamoja na maharage au mboga za majani linasaidia yafyonzwe vizuri.

Kwa mtoto wa miaka 5 kwenda juu kuna mchezo ambao unafanya kazi kuliko maneno mia. Chukua chupa ya soda, glasi tupu, kijiko cha chai na sukari. Mwambie ahesabu yeye mwenyewe vijiko anavyomimina kwenye glasi mpaka 9, polepole. Aangalie ule mrundo umefika wapi. Alafu usiseme kitu, muulize tu "ungeweza kuila hii?" Mwache aitafakari mwenyewe. Akifika miaka 7 au 8 anayesoma anaweza kuanza kusoma lebo, mfundishe mambo mawili tu, kwanza kwamba vitu vilivyotumika vinaandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, kwahiyo sukari ikiwa ya kwanza au ya pili ujue imejaa humo, na pili kwamba sukari ina majina mengi, glukosi, fruktosi, sukrosi, sirapu. Watoto wanapenda upelelezi, atakuwa anakusomea lebo zote dukani mpaka uchoke.

Mikono yake ihusike

Mtoto aliyegusa chakula kabla hakijapikwa hakiogopi sana kikifika mezani. Wa miaka 2 anaweza kuosha nyanya kwenye beseni, kuchana mboga za majani, kutoa maharage kwenye maganda. Wa miaka 3 au 4 anakoroga, anamimina, anamenya ndizi na yai lililochemshwa. Wa 5 anakata ndizi au parachichi kwa kisu cha plastiki ukiwa umekaa naye. Ndio atachafua, na itachukua muda mara mbili, kwahiyo chagua siku ambayo huna haraka, usifanye hivi saa moja usiku umechoka watu wana njaa utaishia kumfokea na atakumbuka kufokewa tu.

Mkienda kununua vitu mpe kazi ya kweli. "Chagua maembe matatu yaliyoiva, bonyeza taratibu, nusa." Au mpe rangi, leo tutafute kitu cha kijani na kitu cha njano. Kile alichokichagua yeye ukipika tangaza mezani kwamba hii kachagua fulani, uone anavyojitutumua. Kupanda mbegu nako kunasaidia, hata punje ya maharage kwenye pamba yenye maji dirishani, ndani ya wiki hivi inaota na anaenda kuichungulia kila asubuhi.

Hapa niseme la usalama maana ni muhimu. Chini ya miaka 4 au 5 usimpe karanga nzima wala korosho nzima, bisi, pipi ngumu, na zabibu nzima, zinaweza kumpalia na kuziba njia ya hewa. Zabibu na nyanya ndogo zikate kwa urefu vipande vinne. Karoti mbichi ngumu ikwangue au ichemshe kidogo. Ale amekaa, sio anakimbia. Na asali kwa aliye chini ya mwaka mmoja hapana kabisa, hata ya kulamba kwenye kidole, inaweza kuwa na vijidudu vya botulizimu ambavyo tumbo lake changa haliviwezi.

Wewe unakula nini?

Huwezi kumwambia mtoto ale mboga huku baba yake anazisogeza pembeni ya sahani na mama anakunywa soda. Mtoto haangalii unachosema, anaangalia sahani yako. Na inaanza mapema kuliko tunavyodhani, mtafiti Julie Mennella na wenzake mwaka 2001 walionyesha kwamba kina mama waliokunywa juisi ya karoti kwenye miezi ya mwisho ya mimba au wakati wa kunyonyesha, watoto wao walionyesha kuifurahia zaidi ladha ya karoti walipoanza kula kuliko wa kina mama ambao hawakuinywa. Ladha zinapita mpaka kwenye maziwa ya mama.

Kuleni pamoja hata kama ni mlo mmoja kwa siku, TV imezimwa, simu zote mbali, na ya kwako pia. Mtoto anayelishwa huku anaangalia katuni anafungua mdomo bila kujua anakula nini wala kama ameshiba, kwahiyo hata kama sahani imeisha hajajifunza chochote kuhusu hicho chakula. Na mkikaa ongeeni mambo mengine, kama mazungumzo yote ni "kula, kula, tafuna, meza" hata mimi mtu mzima ningekimbia. Dakika 20 mpaka 30 zinatosha kwa mtoto mdogo, baada ya hapo anachezea tu, mshushe.

Bibi na babu na mashangazi watakuja na pipi mfukoni. Msigombane mbele ya mtoto. Ongea nao pembeni, kwa heshima, na uwape kitu mbadala cha kuleta maana wanachotaka ni kumfurahisha mjukuu, waambie "Mama, anapenda sana maembe siku hizi, ukija mletee" na wengi wanafurahi. Kwenye sherehe mwache ale kama watoto wengine, mpeleke tu akiwa ameshakula kidogo nyumbani asifike na njaa. Siku moja haiharibu kitu. Chakula cha kubeba chekechea mpangie usiku uliopita pamoja naye kwa ule ule mtindo wa viwili, tunda lipi, kitafunwa kipi, na kile kipya kisikutane naye huko kwa mara ya kwanza, huko abebe anavyovifahamu.

Kipimo kama unakitaka, Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilisema mtoto wa miaka 2 mpaka 5 apate angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku, wa 6 mpaka 9 gramu 350. Usianze kupima kwenye mizani kila mlo, angalia wiki nzima, kuna siku atakula ndizi tatu na siku hatagusa tunda.

Mpeleke kwa daktari kama uzito unashuka au haupandi kwa miezi, kama anapaliwa au kutapika mara kwa mara akila, kama vyakula anavyokubali vinazidi kupungua na vile alivyoviacha havirudi, kama anaumia akimeza, au amepauka na hana nguvu. Andika siku 3 au 4 alichokula na kunywa, hata kwenye simu, uende nayo, daktari ataona mengi humo kuliko ukimwambia tu mtoto hali.